Mizani Nayo Hupimwa

Katika taarifa za habari husikika mara kwa mara kwamba hospitali fulani ya wilaya au ya mkoa imekabidhiwa mashine mpya ya kupimia damu. Utepe hukatwa, mganga mkuu hutoa shukrani, picha hupigwa na wananchi waliohudhuria hushangilia. Hilo ni jambo jema, na mazungumzo yetu ya leo hayakusudii kulibeza. Lakini baada ya wageni kuondoka hubaki chumba kimoja, mashine moja na mfanyakazi mmoja aliyevaa koti jeupe, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Kesho yake mgonjwa wa kwanza atatolewa damu, mashine itatoa namba, na namba hiyo itaandikwa katika karatasi na kupelekwa kwa daktari. Swali tunalotaka kuliuliza leo ni hili: ni nani anayejua kwamba namba hiyo ni ya kweli?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Kwa kuitazama namba hiyo, daktari ataamua mgonjwa wa kisukari adungwe insulini kiasi gani, mama mjamzito abakizwe wodini au arudi nyumbani, mzee mwenye figo zilizochoka apewe dawa ipi na anyimwe ipi. Namba ikiwa ya kweli, huokoa. Ikiwa ya uongo, huua, tena huua kimya kimya, kwa maana mgonjwa hana njia ya kubishana na karatasi ya hospitali. Ndiyo maana yafaa tuitazame historia ya maabara za kemia katika hospitali, tuone zilitoka wapi, zimebadilika namna gani, na ni jambo lipi ndani yake ambalo halikubadilika.

Kwa karne nyingi waganga wa mataifa mbalimbali waliutambua ugonjwa wa kisukari kwa mkojo. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliandika kwamba mkojo wa mgonjwa huyo huwavuta sisimizi. Mwaka 1776 Matthew Dobson, daktari wa mji wa Liverpool nchini Uingereza, aliukausha mkojo wa mgonjwa kwa moto hadi zikabaki chembechembe zenye ladha ya sukari. Lakini kujua kwamba sukari ipo ni jambo moja, na kujua ni kiasi gani ni jambo jingine. Kemia ya hospitali ilipiga hatua kubwa pale watu walipoacha kuuliza tu kama kitu kipo au hakipo, wakaanza kuuliza ni kiasi gani.

Jibu lilipatikana katika rangi. Mwaka 1886 Max Jaffe, mtaalamu wa Ujerumani, alieleza kwamba kreatinini, yaani taka itokayo katika misuli na kutolewa mwilini na figo, hugeuka rangi ya chungwa ikichanganywa na asidi ya pikriki ndani ya maji yenye alkali. Mwaka 1904 Otto Folin, mzaliwa wa Uswidi aliyehamia Marekani, aliigeuza rangi hiyo kuwa kipimo. Alitumia chombo chenye vikombe viwili vya kioo. Kimoja kilitiwa maji ya rangi ambayo ukali wake unajulikana, na kingine kikatiwa sampuli ya mgonjwa. Mpimaji alichungulia kwenye kitundu, akapandisha na kushusha kikombe mpaka rangi zote mbili zikafanana machoni pake, kisha akasoma kina chake kwenye kipimio na kupiga hesabu. Mwaka 1919 Folin na Hsien Wu, mwanasayansi kijana kutoka China, walitangaza utaratibu kamili wa kupima katika damu ya mgonjwa mmoja sukari, urea, kreatinini na asidi ya uriki. Hsien Wu baadaye alirudi kwao, akafundisha elimu hiyo mjini Peking.

Faida yake ilionekana upesi. Januari mwaka 1922, katika mji wa Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aliyekuwa akidhoofika kwa kisukari alidungwa insulini, dawa ambayo ilikuwa haijapata kutumika kwa mgonjwa kabla ya mwezi huo. Baada ya dawa iliyosafishwa vizuri kutumika, sukari katika damu yake ilishuka kutoka miligramu 520 hadi 120 katika kila mililita 100. Madaktari hawakusema tu kwamba kijana anaonekana kupata nafuu. Walikuwa na namba mkononi.

Wafanyakazi wa zamani wa maabara katika nchi zetu wanaukumbuka vizuri ulimwengu huo wa macho na mikono. Wanakumbuka taa ya spiriti, kishikio cha mbao, na maji ya Benedict yenye rangi ya buluu. Matone manane ya mkojo yalitiwa humo, yakachemshwa. Yakibaki buluu, hakuna sukari. Yakigeuka kijani, ipo kidogo. Yakiwa manjano, imezidi. Yakiwa mekundu kama tofali, mgonjwa yu hatarini. Wanakumbuka pia pipeti iliyofyonzwa kwa mdomo, kazi ambayo leo imekatazwa, kwa sababu wapo walioonja asidi na wapo walioambukizwa magonjwa ya damu wakiwapima wenzao. Vizazi hivyo vilifanya kazi ya heshima kwa vyombo vichache.

Ndugu wasikilizaji,

Nguvu ya namba katika matibabu ilidhihirika tena mwaka 1952 mjini Copenhagen nchini Denmark. Mji huo ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa ugonjwa wa polio. Katika hospitali ya Blegdam walilazwa wagonjwa ambao misuli yao ya kupumulia ilikuwa imepooza. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliowekwa kwenye mashine za kupumulia za wakati ule, 27 walikufa. Vipimo vya damu vilionyesha kitu kilichofanana na alkali kuzidi, na madaktari wengi waliamini hivyo. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alitilia shaka maelezo hayo. Yeye aliona kwamba wagonjwa hawakuwa wakitoa pumzi ya kutosha, na kwa hiyo gesi ya kabonidioksidi ilikuwa ikijaa katika damu yao. Mkuu wa maabara, Poul Astrup, alipima uchachu wenyewe wa damu, na kipimo kikaonyesha kwamba damu haikuwa na alkali iliyozidi bali ilikuwa na asidi. Maelezo yaliyoaminiwa yalikuwa kinyume cha ukweli.

Kuanzia hapo wagonjwa walitobolewa koo na kupulizwa hewa kwa mfuko wa mpira uliobanwa kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu, mchana na usiku, kwa muda wa miezi kadhaa, wakipumua kwa niaba ya wagonjwa. Vifo vikapungua sana. Katika kazi hiyo maabara haikuwa chumba cha pembeni cha kupokea vikaratasi, bali ilisimama kando ya kitanda cha mgonjwa, ikamwambia daktari pumzi aliyoitoa imetosha au haijatosha.

Hata hivyo, kadiri namba zilivyopata nguvu ndivyo hatari ya namba mbovu ilivyozidi. Jambo hili lilikuwa limekwisha kuonekana miaka michache kabla ya Copenhagen. Mwaka 1947 Belk na Sunderman, wataalamu wawili wa Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi mwepesi kuuelewa lakini mchungu kuumeza. Walitengeneza sampuli, wakazigawa kwa maabara kadhaa za hospitali katika jimbo la Pennsylvania na majirani zake, wakaomba kila maabara ipime na kuleta majibu. Sampuli ilikuwa moja, na kwa hiyo majibu yalipaswa kukaribiana. Hayakukaribiana. Tofauti zilikuwa kubwa kupita kiasi kinachovumilika, ingawa maabara hizo zilikuwa katika nchi tajiri, zenye wataalamu waliosoma na vyombo vilivyong'aa. Mgonjwa mmoja angeweza kuitwa mzima katika hospitali moja na mahututi katika hospitali ya mtaa wa pili.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha mazungumzo haya. Wananchi wote wanafahamu kwamba mizani ya muuza nyama au ya mnunuzi wa kahawa hukaguliwa. Mkaguzi huja na jiwe ambalo uzito wake unajulikana, akaliweka juu ya mizani na kutazama inasema nini. Mizani isiyokubaliana na jiwe hufungwa, hata kama ni mpya na inameremeta. Mwaka 1950 wataalamu wawili, Levey na Jennings, waliuingiza utaratibu wa aina hiyo katika maabara za hospitali, wakiutoa katika viwanda, ambako Walter Shewhart alikuwa ameubuni katika miaka ya 1920. Kila siku, kabla ya wagonjwa au pamoja nao, mpimaji hupima sampuli ya kudhibitia, ambayo kiasi chake kinajulikana. Jibu hutiwa nukta kwenye karatasi ya michoro. Nukta zikibaki karibu na mstari wa katikati, kazi iendelee. Zikianza kupanda au kushuka siku baada ya siku, au moja ikiruka nje ya mipaka, kazi isimame mpaka sababu ipatikane. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukweli nao ni mali, na karatasi ile ndiyo daftari lake.

Ndugu wasikilizaji,

Mwaka 1957 yalikuja mabadiliko ambayo watu wengi huyataja wanapozungumzia maabara za kisasa. Leonard Skeggs, mkemia katika hospitali ya askari wastaafu mjini Cleveland, Marekani, alikuwa ameona jinsi kazi ilivyokuwa ikiongezeka kuliko mikono iliyopo. Alibuni mashine ambamo sampuli za wagonjwa hufuatana ndani ya mpira mwembamba mmoja, zikitenganishwa na vipovu vya hewa, zikachanganyika njiani na vitendanishi, zikapashwa moto, na mwishowe rangi yake ikapimwa na jicho la umeme na kuchorwa na kalamu kwenye karatasi. Mashine hiyo iliuzwa kuanzia mwaka huo. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha ilikuwapo aina yake iliyoweza kupima mambo 12 kwa kila mgonjwa na wagonjwa 60 kwa saa, yaani majibu 720 katika saa moja.

Mambo mengine yalifuatana upesi. Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York walionyesha, mwishoni mwa miaka ya 1950, namna ya kupima homoni zilizo chache mno katika damu kwa kutumia kingamwili na chembe zenye mnururisho. Hawakuomba hataza ya kuwaingizia fedha kwa ugunduzi huo. Yalow alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1977. Mwenzake alikuwa amefariki mwaka 1972. Mwaka 1968 Samuel Rahbar wa Tehran, Iran, alieleza juu ya himoglobini isiyo ya kawaida aliyoiona kwa wagonjwa wa kisukari. Kutokana na hilo kilipatikana kipimo kinachoeleza hali ya sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, wala si ya asubuhi ile tu. Kwa upande wa vyombo vidogo, vijiti vya karatasi vya kuchovya katika mkojo vilianza kuuzwa mwaka 1956, na leo mgonjwa wa kisukari aweza kujipima damu nyumbani kwa tone moja la kidole.

Lakini mashine yenye kasi ina tabia moja ambayo haina budi kusemwa wazi. Mpimaji wa zamani akikosea, hukosea kwa mgonjwa mmoja au wawili. Mashine ikikosea, hukosea kwa majibu 720 kwa saa, na kila jibu hutoka limechapwa vizuri, limenyooka, linaaminika. Kasi haikuufanya utaratibu wa Levey na Jennings upitwe na wakati, bali iliufanya uwe wa lazima zaidi. Rangi ile ya Jaffe ya mwaka 1886 bado inapimwa katika hospitali nyingi duniani, ila ndani ya mashine. Kemia inaweza kuwa ile ile, lakini ukweli wa jibu hutegemea ukaguzi wa kila siku.

Tukirudi katika eneo letu, tusidhani kwamba sisi tulikuwa watazamaji tu katika historia hii. Katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Uganda, kilikuwapo kituo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto. Mtoto mwenye kwashakoo huvimba miguu na uso, na mtu asiyejua aweza kudhani amenenepa. Roger Whitehead na wenzake walitumia kemia ya damu kuutafuta ugonjwa huo kabla haujajionyesha kwa macho. Mwaka 1973 walitangaza kwamba albumini, ambayo ni protini ya damu, huanza kushuka kabla ya dalili kuonekana. Maana yake ni kwamba mama angeweza kuonywa mapema, mtoto akiwa bado anacheza. Kazi hiyo ilifanywa hapa kwetu, kwa watoto wa vijiji vyetu, na elimu yake ikaenea duniani.

Basi hali yetu ya leo inatudai nini? Kwanza, inatudai kutambua kwamba makosa mengi hutokea kabla damu haijafika kwenye mashine. Damu iliyowekwa katika chupa ya kawaida bila kutenganishwa huendelea kula sukari yake yenyewe, kiasi cha sehemu 5 hadi 7 kwa kila mia kwa saa, na joto likizidi huila upesi zaidi. Sampuli iliyotolewa zahanati asubuhi, ikasafirishwa kwa baiskeli au basi, ikafika hospitali saa nne baadaye, yaweza kuwa imepoteza robo ya sukari. Mgonjwa ataambiwa ni mzima. Damu iliyotikiswa njiani hadi seli zake zikapasuka huonyesha potasiamu nyingi ambayo mgonjwa hana. Hakuna mashine, hata iwe ya bei gani, iwezayo kurekebisha kosa hilo. Huepukwa na muuguzi aliyefundishwa kuchagua chupa iliyo sahihi, kuandika saa ya kutoa damu, na kuituma sampuli bila kuchelewa.

Pili, mashine hufanana na ng'ombe wa maziwa. Atolewaye ng'ombe hana budi kufikiri juu ya malisho. Mashine nyingi za siku hizi hukubali vitendanishi vya mtengenezaji wake tu. Vitendanishi vingi hutaka kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukikatika usiku kucha huharibika bila kubadilika sura. Sampuli za kudhibitia nazo hununuliwa kwa fedha, na bajeti ikibanwa ndizo hukatwa kwanza, kwa sababu hakuna mgonjwa anayezidai. Mkataba wa mashine usioeleza ni nani atakayeleta vitendanishi, kwa bei gani, na fundi atafika baada ya siku ngapi, ni mkataba wa kununua sanduku.

Tatu, magonjwa hayajui mipaka, wala wagonjwa wetu hawaijui. Watu huvuka kwenda kutibiwa upande wa pili, kwa ndugu au kwenye hospitali iliyo karibu zaidi, wakiwa na karatasi zao mfukoni. Kuna maabara zinazoandika sukari kwa milimoli katika lita na nyingine kwa miligramu katika desilita. Milimoli 5.5 ni sawa na miligramu 100 hivi. Karatasi isiyotaja kipimo, mikononi mwa mganga aliyechoka, ni mtego. Kutaja kipimo katika kila jibu hakuhitaji msaada wa fedha.

Inatia moyo kuona kwamba serikali zetu zimekwisha kukubaliana juu ya mambo haya. Januari mwaka 2008, mjini Maputo, lilitolewa azimio la kuimarisha maabara za Afrika. Mwaka 2009, mjini Kigali, ulizinduliwa mpango wa kuzipandisha maabara hatua kwa hatua, kwa nyota kuanzia sifuri hadi tano, kuelekea kiwango kinachotambulika kimataifa. Mwaka 2010 Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda ziliingia katika mradi wa pamoja wa mtandao wa maabara, na Burundi ikajiunga baadaye. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya vipimo vya lazima, kama lilivyofanya kwa dawa za lazima mwaka 1977. Maazimio, kwa hiyo, hayakosekani. Kinachotakiwa ni azimio hilo kufika mpaka kwenye daftari la maabara ya wilaya, siku ya Jumatatu, wakati foleni ni ndefu na umeme umerudi dakika tano zilizopita.

Na kwa mfanyakazi wa maabara, aliye pekee katika zamu ya usiku, tunasema hivi. Siku sampuli ya kudhibitia inapokataa, nawe ukasimamisha kazi, utalaumiwa. Wagonjwa watanung'unika, daktari ataleta ujumbe mara ya pili na ya tatu. Lakini mpimaji anayesema "leo siwezi kutoa jibu, kwa maana siliamini" amewatumikia wagonjwa hao kuliko anayewaridhisha kwa namba asiyoijua ukweli wake. Yapasa wakuu wa hospitali wamlinde mtu huyo, wasimwadhibu.

Ndugu wasikilizaji, tutaendelea kuwasomea habari za mashine mpya, nasi tutaendelea kufurahi pamoja nanyi. Lakini tungependa siku moja tuwasomee pia habari ya namna nyingine: kwamba sampuli moja imegawanywa kwa hospitali za wilaya zetu na za jirani zetu, ikapimwa kila mahali, na majibu yakakubaliana. Habari hiyo haitakuwa na utepe wa kukata. Lakini mgonjwa atakayepewa karatasi siku hiyo, popote alipo upande huu au ule wa mpaka, ataweza kuiamini.